Safari ya peke yako: treni ya Kigoma, milima ya Usambara, au Lamu?

Baba alipofariki, nyumba yetu haikukauka watu hadi hitima ya arobaini. Sikulala peke yangu hata usiku mmoja. Nikiingia msalani, shangazi yuko nje ya mlango anauliza kama ni mzima. Silalamiki. Msiba wetu umepangwa hivyo kwa makusudi, na umeokoa wengi. Lakini watu waliporudi makwao nikagundua kwamba nilikuwa nimepewa pole mamia kwa mamia na bado sijalia. Nikamwambia mama nasafiri.

"Na nani?"

"Peke yangu."

Akapepeta mchele kwanza, kisha akasema, "Mtembezi hula miguu yake."

Tangu siku hiyo nimesafiri peke yangu mara tatu, kila moja kwa sababu yake: kwa treni hadi Kigoma, kwa miguu juu ya Usambara, na kwa kukaa tu mji wa kale wa Lamu. Ndugu na rafiki wanaotaka kufanya hivyo huniuliza ipi ni bora. Jibu langu huwaudhi kidogo, kwa sababu nawauliza swali badala ya kuwajibu: ukibaki peke yako, ungependa nani akae nawe? Kwenye treni utakaa na wageni. Usambara utakaa na mwili wako. Lamu utakaa na saa, na saa ndiyo mwenzi mgumu kuliko wote.

Kilimanjaro naiacha kando

Ukitaja safari ya kujitafuta, wengi huwaza Kilimanjaro. Mita 5,895 si mchezo, na aliyefika Uhuru ana haki ya kujisifu hadi uzeeni. Ila taratibu za hifadhi haziruhusu kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, na mwongozaji haji mwenyewe. Kuna wapagazi, kuna mpishi, na kuna ratiba ya kambi isiyokusubiri ukae chini uwaze. Mpandaji mmoja huzungukwa na kundi zima linalolipwa ili afike na arudi salama. Ni safari ya kujipima, na nzuri. Mimi hapa naongelea kitu kingine.

Vivyo hivyo nimeviacha vifurushi vya siku saba "za kurejesha nafsi" vinavyouzwa mtandaoni, vyenye mkeka wa mazoezi alfajiri na juisi ya kijani mchana. Labda vinawafaa watu. Lakini safari ambayo kila saa imepangiwa shughuli haina tofauti kubwa na ofisi uliyoikimbia.

Upweke wa aina tatu

Hapa ndipo penye tofauti yenyewe, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Nianze na treni. Naisema ile ya zamani, ya reli ya mita (reli nyembamba, upana wa mita moja), inayotoka Dar es Salaam kwenda Kigoma. Ile ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inakufikisha Dodoma ndani ya saa nne. Ni starehe, na ni nzuri kwa mwenye kikao, lakini kwa kazi hii ina kasi mno. Ya mita inakwenda kilomita 1,250 hivi kwa siku mbili na kitu. Njia ni moja, kwa hiyo husimama kupisha nyingine, na inaposimama porini husikii ila nyenje na mtu anakohoa behewa la pili.

Chumba cha kulala cha daraja la pili kina vitanda sita, wanawake kwao na wanaume kwao. Ukikata tiketi ya mtu mmoja, utalala na watu watano usiowajua. Mimi nilipangwa na mama mmoja wa Urambo aliyekuwa anatoka Dar kumtazama mjukuu, wasichana wawili wa chuo wanaoshukia Tabora, mfanyabiashara wa vitenge, na bibi ambaye hakusema kwao ni wapi. Kufika Morogoro tumeshajua nani ana watoto wangapi. Kufika Dodoma tumeshakula karanga kwenye mfuko mmoja.

Kuna jambo hutokea kwenye vyumba vile. Mtu humfungulia mgeni wa treni asichomfungulia jirani yake wa miaka kumi, kwa sababu kila mmoja anajua kituo atakachoshukia. Usiku wa pili, tumeshapita Itigi, yule mama wa Urambo aliniuliza nakwenda Kigoma kwa nani. Nikasema sina mtu Kigoma, nimefiwa na baba, nimeona nitoke. Nilisubiri pole. Hakunipa. Aliniuliza, "Alikuwa anapenda kula nini?"

Nikasema ndizi mzuzu za kukaanga, na hapo hapo nikalia, kwa mara ya kwanza, mbele ya wanawake watano ambao sitawaona tena. Hakuna aliyenishika bega. Bibi yule asiyesema kwao alizima taa.

Ndiyo maana nasema treni inamfaa mtu anayedhani ugonjwa wake ni kukosa nafasi ya kuwa peke yake, kumbe ni kuzungukwa na watu wanaomjua mno. Kaa na wasiokujua.

Nyongeza ndogo kwa wapenda historia. Reli hii, ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, imefuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji. Kabla yake, wapagazi wa Kinyamwezi na wengineo waliikanyaga kwa miezi, na pembe za ndovu mabegani. Na watumwa walipitishwa humo humo, wakielekea pwani. Ukichungulia dirishani karibu na Manyoni, jua kali na miiba kila upande, unajiona mdogo kwa namna nzuri. Wale hawakwenda kujitafuta.

Usambara ni kinyume chake. Unashuka Mombo penye joto, unapanda kilomita 33 za kona juu ya korongo, na Lushoto inakupokea kwa ubaridi, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, harufu ya moshi wa kuni na mkaratusi. Kutoka hapo ni miguu. Njia ya kawaida hupita msitu wa Magamba, ikashuka mabonde ya kabichi na viazi, ikalala Rangwi, ikaishia Mtae au Mambo, kwenye ukingo ambapo milima inakatika ghafla na tambarare ya Mkomazi imelala chini kama mkeka. Siku nne au tano kwa mwendo wa mtu asiye mwanariadha.

Siku ya kwanza kichwa kinaongea bila kukoma. Niligombana kichwani na watu watatu, mmoja wao bosi wangu, na wote niliwashinda. Siku ya pili magoti yanaanza kuongea, kichwa kinapunguza sauti. Siku ya tatu, kwenye mteremko wa utelezi, nilishtuka kwamba tangu asubuhi sijawaza neno lolote ila "weka mguu hapa, sasa hapa". Sijui kama huko ndiko kukua kiroho. Najua tu kwamba jioni hiyo nilikula ugali na maharage kama mtu aliyesamehewa.

Lazima niseme ukweli kwamba hata hapa huendi peke yako kabisa. Njia zinagawanyika kila shamba, na bila kijana wa kukuongoza utaishia kwenye migomba ya watu. Lakini mwongozaji wa Usambara ni mmoja, na unaweza kupatana naye mapema. Mimi nilimwambia, "Kaka, mimi si msemaji sana, tukitembea kimya usione nimekasirika." Akacheka, akatangulia hatua ishirini, na tukaenda hivyo siku nne. Alirudi nyuma mara moja tu kunionyesha mbega juu ya mti, mweusi, ana nywele nyeupe mabegani kama shali ya bwana harusi.

Wasambaa wenyewe wana simulizi ya mtembezi wa peke yake. Mbegha, kwa masimulizi yao, aliota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego, yaani mtoto wa mkosi, akanyimwa urithi kwao Ngulu. Akaondoka na mbwa zake wa kuwindia nguruwe, akaishi porini, akawa anawagawia watu nyama kila alipopita. Alipofika Vugha akaua simba, na watu wakamfanya mfalme. Wafalme wa Kikilindi walitokana naye. Nilisimuliwa hivyo jioni moja tukiota moto. Nikamuuliza msimuliaji: alikuwa anatafuta nini hasa huko porini? Akanishangaa. "Nguruwe," akasema.

Lamu sasa. Mji wa kale umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, na picha zake mmeziona wote: milango ya nakshi, punda, majahazi, vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Bodaboda zimeshaingia kisiwani, lakini ndani ya vichochoro bado ni enzi ya kwato na makubadhi. Kwa sababu ya picha hizo watu wengi huichagua Lamu iwe safari yao ya kwanza ya peke yao, na hapo ndipo naona wanakosea.

Lamu haina cha kukufanyisha. Utautazama mji siku ya kwanza. Siku ya pili utakwenda Shela kwa miguu kando ya maji, kilomita tatu hivi, na kurudi. Siku ya tatu umeamka kwa adhana kutoka misikiti minne kwa mpigo, umekunywa chai na mahamri na mbaazi za nazi, unaangalia saa: ni saa mbili na robo asubuhi. Mchana wote uko mbele yako, haujaguswa. Treni ingekuwa inakusogeza mahali. Mlimani ungekuwa na kilele cha kufika. Lamu inakuachia muda mikononi na kukutazama utaufanya nini. Rafiki yangu mmoja, mwanamke hodari mwenye biashara tatu, alidumu siku nne akapanda ndege kurudi Nairobi. Aliniambia alikuwa anasikia moyo wake ukidunda.

Kwangu mimi kilichoniokoa ni msemo wa kale: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bibi mwenye nyumba niliyopanga chumba cha juu alipoona nimekaa ukumbini asubuhi ya tatu mikono mitupu, aliniambia, "Mwanangu, njoo ukune nazi." Nikakuna. Kesho yake akanipa mchele nichague mawe. Hatukuzungumza mambo makubwa. Aliniuliza habari za mama yangu kila asubuhi kana kwamba anamjua, na mwisho nikaanza kumpigia mama simu kila siku ili niwe na jibu.

Visiwa hivi vina ukoo mrefu wa kazi hii ya kujihoji. Hapo jirani, Pate, yapata karne mbili zilizopita, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, utenzi ambamo mshairi anauweka moyo wake kitako na kuuhoji, huku akiuonyesha majumba ya matajiri yaliyogeuka magofu ya popo na buibui. Anayedhani kujitafuta ni fasheni iliyoletwa na Wazungu, aanzie hapo. Mimi niliusoma juu ya dari siku ya sita, na sikupiga picha yoyote siku hiyo.

Imani, kwa kila njia

Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo nitasema nilichokiona kwa jicho hilo.

Safari imepewa heshima yake katika dini. Msafiri huruhusiwa kufupisha sala za rakaa nne ziwe mbili, na tumefundishwa kwamba dua ya msafiri hairudi bure. Kwenye treni hilo lina utamu wake wa pekee. Ukielekea magharibi kwenda Kigoma, kibla iko kaskazini, yaani dirisha la kulia; lakini reli inapinda, na unaweza kuanza sala umeelekea sawa ukamaliza umeelekea Mwanza kwa ubavu. Mfanyabiashara wa vitenge alinipa kitenge chake kipya, bado na nembo, nikitandike. Nimesali misikiti mizuri zaidi, na siikumbuki.

Lamu inamfaa Mwislamu anayetaka kuzama katika kile alichozaliwa nacho. Mji una misikiti zaidi ya 20, na Riyadha, aliouanzisha Habib Swaleh, huvuta watu kutoka pwani nzima wakati wa Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita. Ukitaka dufu, matwari na umati, nenda wakati huo. Ukitaka utulivu, huo ndio mwezi wa kuukwepa, maana hata chumba hupati.

Lakini lililonigusa zaidi lilinikuta mahali nisipotarajia. Rangwi, katikati ya njia ya Usambara, kuna nyumba ya masista wa Kikatoliki wanaopokea wapita njia. Nilifika nimelowa. Walinipa maji ya moto, supu, na chumba chenye blanketi mbili. Usiku nikawasikia wakiimba sala zao ng'ambo ya ukuta, taratibu, bila haraka, sauti za wanawake wazee na wasichana pamoja. Mimi nilikuwa na tabia ya kuisali Isha mbio mbio ili nilale. Nikaona aibu. Usiku ule niliisali pole pole, na sijairudia ile mbio tangu hapo, au tuseme mara chache. Wakati mwingine ya kwako huyasikia vizuri ukiwa nyumba ya pili.

Kuhusu mwanamke kusafiri bila mahram, yaani mume au ndugu wa karibu wa kiume, najua swali hilo linakuja, kwa sababu niliulizwa nyumbani kabla hata sijafunga begi. Wanachuoni wametofautiana, na wapo wanaoruhusu njia ikiwa na amani. Muulize shehe unayemwamini, umweleze safari yako ilivyo hasa, usichukue fatwa kwenye maoni ya Facebook.

Mwanamke peke yake, na mwanamume peke yake

Si safari ileile. Lamu inaonyesha hili wazi. Mwanamume mgeni hupewa baraza: atakaa nje na wazee, atanyweshwa kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, atasikia siasa na habari za bahari. Mwanamke hapewi baraza, hupewa jiko na dari, na mle ndani kuna Lamu nyingine ambayo mwanamume hataiona hata akae mwaka. Vaa ya kusitiri, sema shikamoo kwanza, na milango itafunguka.

Kwenye treni, mgawanyo wa vyumba ni ulinzi tosha usiku. Kinachohitaji macho ni mizigo, hasa treni inaposimama vituo vikubwa. Usambara nilisikia salama kuliko kote, ila usitembee njia za msituni bila mwongozaji wa kutambulika, aliyeandikwa kwenye ofisi ya utalii pale Lushoto, na umwachie mtu nyumbani jina lake na namba yake.

Lamu kuna jambo la kujua kabla. Barabara ya kutoka Garsen hadi Mokowe imewahi kushambuliwa, na mabasi hupita mchana chini ya ulinzi. Ukiwa na wasiwasi, panda ndege hadi Manda uvuke kwa boti. Mtanzania atahitaji pasi au hati ya muda ya kusafiria ili avuke mpaka wa Horohoro kuingia Kenya.

Na kama utaulizwa kila kituo "umekuja na nani?", usikasirike. Swali hilo ni la zamani. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe, kaskazini ya Kigoma, Julai 1960, akiwa na miaka 26, wakubwa wa kikoloni walikataa akae porini peke yake. Ilibidi aje na mama yake.

Fedha, siku na majira

Hapa ni haraka. Kwa kila kilomita, treni ndiyo nafuu kuliko zote, na chakula kinakufuata dirishani: kuku, mayai, asali ukifika Tabora. Usambara gharama yake kubwa ni mwongozaji na malazi ya vijijini, na sehemu kubwa ya fedha hiyo inabaki kijijini. Lamu ndiyo ghali, si kwa bei ya chumba bali kwa sababu chini ya siku saba hujafanya kitu.

Kigoma weka siku tisa kwa jumla, kwenda na kurudi na siku kadhaa ziwani. Usikose jioni moja Ujiji ukitazama Tanganyika, ziwa lenye kina kinachopita mita 1,400, likinyamazia yote lililoyaona. Usambara siku sita zinatosha.

Masika, Machi hadi Mei, zikwepe kwa njia mbili kati ya tatu: njia za Usambara huwa sabuni, na kipande cha reli kati ya Kilosa na Gulwe hukumbwa na mafuriko ya mto mara kwa mara. Ratiba ya treni nayo hubadilika, kwa hiyo uliza kituoni, usiamini picha ya ratiba iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp mwaka juzi. Juni na Julai Usambara kuna baridi ya kweli. Beba sweta, si kanga tu.

Kuhusu simu: porini kati ya vituo mtandao hukatika wenyewe, na hiyo ni zawadi. Lamu mtandao upo kila dari. Huko itabidi uizime mwenyewe, na mimi nilishindwa siku mbili za kwanza.

Kwa walioko Ulaya

Binamu yangu aliyeko Ujerumani aliniuliza afanye nini, likizo yake haifiki hata wiki mbili na nauli ya kuja nyumbani ni mshahara wa mwezi. Iliyo karibu zaidi na Usambara kwa upande huo ni njia ya mahujaji kwenda Santiago de Compostela, Uhispania. Njia ya Kifaransa nzima, kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, ni kilomita 780 hivi, mwezi mzima na zaidi. Lakini wengi huanzia Sarria, kilomita kama 115, kwa sababu mwenye kutembea kilomita 100 za mwisho hupewa cheti cha hija. Mishale ya njano inakuonyesha njia, kwa hiyo mwongozaji hahitajiki. Vijiji vingi vina bweni la mahujaji. Na huulizwi dini yako. Tofauti na Usambara ni umati. Mwaka 2024 karibu watu laki tano walipokea cheti hicho. Ukienda miezi ya kiangazi utakuwa peke yako kama unavyokuwa peke yako Kariakoo.

Nani aende wapi

Ukiwa na huzuni iliyoganda, panda treni. Ukiwa na hasira, au uamuzi uliokushinda, au kichwa kisicholala, nenda Usambara, ukaichoshe miguu kwanza. Lamu naiweka mwisho, kwa mtu ambaye amewahi kukaa peke yake mara moja au mbili akajua hafi. Asiyeweza kukaa nyumbani jioni moja bila televisheni asijidanganye kwamba Lamu itamfundisha. Ataishia kupiga picha za punda. Na aliyeachwa juzi, tafadhali, asiende Lamu kabisa. Kuna mwezi mwingi mno kule.

Mdogo wangu aliniuliza mwaka jana. Alikuwa ameacha kazi bila kumwambia mtu na anataka Lamu, ameshachagua hadi nguo. Nikampeleka Usambara. Hakufurahi. Siku ya kwanza alinitumia ujumbe kuuliza kama nilijua kuna miinuko namna ile. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu akapiga kutoka Rangwi, sauti imekauka, akaniuliza zile sala za masista huwa zinaanza saa ngapi, kwa sababu anataka azisikie tangu mwanzo.

Alirudi na gunia dogo la viazi kwa ajili ya mama. Mama akavimenya, akauliza huko milimani wazee wanaweza kutembea au ni mbio za vijana. Mdogo wangu akasema kuna njia ya taratibu, ya Irente, haina shida. Wanakwenda Agosti.